MZURURAJI NA ASKARI: USALAMA WA MTAA KATIKA RIWAYA ZA NAIROBI ZA MEJA MWANGI

1.0 Utangulizi

Riwaya tatu za Meja Mwangi zinazohusu jiji la Nairobi, yaani Kill Me Quick (1973), Going Down River Road (1976) na The Cockroach Dance (1979), zimezoeleka kuhakikiwa kama picha ya umaskini wa mjini. Wapo wanaozisifu kwa uhalisia wake, wapo wanaozilaumu kwa kukata tamaa, na wapo wanaoziweka katika kundi la fasihi pendwa na kuishia hapo. Tathmini hizo zote zina ukweli wa aina yake. Hata hivyo, zinakutana katika jambo moja: zinauchukulia umaskini wa wahusika kama hali tu, mithili ya mvua inayomnyeshea mtu asiye na mwavuli.

Makala haya yanadai kwamba katika riwaya hizi kukosa makao si hali tu bali ni kosa. Kinachowasukuma wahusika kutoka sura moja hadi nyingine si njaa pekee. Ni kule kutakiwa wakati wowote kueleza wanakaa wapi, wanafanya nini hapo walipo, na nani anawajua. Mwenye kuuliza ni askari. Mwenye kushindwa kujibu ni mzururaji. Uhusiano wa wawili hawa ndio, kwa maoni yetu, uti wa mgongo wa riwaya zenyewe.

Dai hili lina uzito kwa mhakiki anayefanya kazi yake kwa Kiswahili. Maneno tunayoyatumia kuwahakiki wahusika hawa, kama vile mhalifu, mkora, chokoraa na mzururaji, ndiyo yayo hayo yaliyotumika kituoni na mahakamani. Iwapo tutayachukua bila kuyapima, tutakuwa tumeandika hati ya mashtaka na kuiita uhakiki.

2.0 Sheria iliyomzaa mhusika

Mzururaji wa Nairobi hakuzaliwa na riwaya. Jiji hili lilijengwa kwa dhana kwamba Mwafrika ni mpita njia ndani yake. Kwao ni kwingine. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika abebe hati ya kumtambulisha na kuonyesha mwajiri wake. Mwezi wa Aprili 1954, katika msako mkubwa ulioitwa Operation Anvil, maelfu kwa maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru walizolewa kutoka mitaa ya Nairobi, wengi wakapelekwa kizuizini na wengine wakarudishwa kwenye maeneo waliyotengewa Waafrika. Usalama wa jiji ulimaanisha kuliondolea watu.

Uhuru haukuifuta dhana hiyo. Kenya huru ilikuwa na Sheria ya Uzururaji, Sura ya 58, iliyomtaja mzururaji kuwa, kwa ufupi, mtu asiye na ajira halali wala njia halali ya kujikimu. Msomaji azingatie kwamba ufafanuzi huo hautaji tendo lolote. Hausemi mtu ameiba, amepiga au ametukana. Unataja asichokuwa nacho. Sheria hiyo ilibaki vitabuni hadi mwaka 1997, ilipofutwa katika marekebisho yaliyoafikiwa na vyama vya siasa kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Kwa hiyo riwaya zote tatu zinazochunguzwa hapa ziliandikwa na kusomwa kwa mara ya kwanza wakati ambapo kulala uchochoroni bila kazi kulitosha kumfikisha mtu mbele ya hakimu.

Kufutwa kwa sheria hiyo hakukumaliza mambo. Mwaka huo huo wa 1997 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti ya kina kuhusu jinsi polisi wa Kenya walivyowatesa na kuwaweka kizuizini watoto wa mitaani. Mnamo Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji barani zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Hesabu ya kitaifa ya watu wa familia za mitaani, iliyofanywa mwaka 2018, ilipata watu 46,639 nchini Kenya, na Nairobi ndiyo iliyoongoza kwa idadi. Basi tunapozisoma riwaya za miaka ya 1970 hatusomi historia iliyofungwa.

3.0 Uchochoro kama mandhari ya kisheria

Kill Me Quick inawahusu vijana wawili, Meja na Maina, walioacha makwao vijijini wakiwa na vyeti vya shule ya upili na matumaini ya kazi. Jiji haliwapi kazi. Wanaishia kulala kwenye uchochoro wa nyuma ya maduka na kula vilivyotupwa kwenye mapipa ya taka.

Mhakiki wa kawaida hulitazama pipa la taka na kuona ishara ya kudunishwa. Hilo ni sawa, lakini halitoshi. Pipa lina kazi nyingine katika muundo wa riwaya: ni mahali ambapo mpaka kati ya kuokota na kuiba unajaribiwa. Wahenga walisema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Methali hii ni muhtasari wa njia wanayopita Meja na Maina. Wanaanza kwa kuokota. Tunda lililooza ndani ya pipa halina mwenyewe, ingawa anayelila anatazamwa kama mwizi. Tufaha zima lililo dukani lina mwenyewe, na Meja anapolichukua anafukuzwa na umati hadi kugongwa na gari. Umbali kati ya matunda hayo mawili ni hatua chache tu, kutoka mlango wa nyuma hadi mlango wa mbele wa duka. Mwandishi anatuonyesha kuwa hatua hizo ndizo mpaka wa sheria, na kwamba kwa mwenye njaa hakuna anayemwamini kwamba bado yuko upande wa nyuma.

Ni muhimu pia kutambua ni nani anayemfukuza Meja. Mwanzoni si polisi; ni umma. Hapa Meja Mwangi ana jicho kali kuliko wahakiki wake wengi wenye kuegemea nadharia ya kitabaka, ambao hupenda kuona dola kwa upande mmja na wanyonge kwa upande wa pili. Wanaopiga mayowe ya mwizi jijini hawakosi kuwamo watu ambao hali zao hazitofautiani sana na ya Meja. Usalama wa mtaa hautunzwi na mwenye sare peke yake. Hutunzwa na kila aliye na kitu kidogo cha kupoteza dhidi ya asiye na chochote.

Wahusika hawa wanapita katika mzunguko ambao riwaya inausimulia kwa ucheshi mchungu: ajira ya muda shambani kwa mzungu, biashara ya Maina ya kuuza maziwa ya wizi, genge katika mtaa wa vibanda, kazi ya Meja kwenye machimbo ya mawe, na gereza. Gereza ndilo mahali pekee ambapo wanapata kile walichokikosa: paa, chakula cha kila siku, na wenzi wanaowajua kwa majina. Kinaya hiki kimetajwa mara nyingi na wahakiki. Kisichotajwa sana ni matokeo yake kwa hoja ya sheria. Sheria ya uzururaji ilimhukumu mtu kwa kutokuwa na anwani. Ikamfunga, na kwa kumfunga ikampa anwani. Seli inakuwa makao ya kwanza ya kudumu ambayo dola inakubali kuwapatia vijana hawa.

Dhana ya pili ya sheria inayobomolewa na riwaya hii ni ile ya kwamba kila mzururaji ana kwao anakoweza kurudishwa. Meja anajaribu kurudi. Anakutana na dada yake mdogo, na aibu inamrudisha mjini kabla hajawatazama wazazi usoni. Maina naye anarudi na kukuta jamaa zake hawapo tena mahali alipowaacha, na mkasa unaofuata unamfikisha kwenye mashtaka ya mauaji. Kijiji, ambacho sera ya kikoloni na ile iliyofuata ilikifanya kuwa ghala la kuwarudishia watu waliozidi mjini, hakipo tena kwa maana hiyo. Kwa Meja kimezibwa na aibu, kwa Maina kimeondoka kabisa. Anayesema kwamba Meja Mwangi anaulaani mji na kukitukuza kijiji hajazisoma sehemu hizi mbili kwa makini.

4.0 Moto wa baraza la jiji

Katika Going Down River Road askari anabadilisha sura. Ben, mhusika mkuu, amewahi kuwa ofisa wa jeshi. Sasa ni kibarua kwenye ujenzi wa jengo refu linaloitwa Development House. Swahiba wake, Ocholla, anaishi kwenye kibanda kando ya mto. Watu wa baraza la jiji wanakuja na kuviteketeza vibanda, wenyewe wanavijenga upya, vinateketezwa tena.

Mdundo huu wa kujenga na kuchomewa ni wa makusudi kisanaa. Mchana Ocholla anamjengea mtu mwingine jengo la ghorofa nyingi. Jioni anajijengea kibanda cha maboksi na mabati. Jengo la kwanza linapanda na kubaki. La pili linapanda na kuchomwa. Mikono ni ile ile. Kinachotofautisha majengo haya mawili si ustadi wa fundi bali ni kibali. Mwandishi hahitaji hotuba yoyote ya kisiasa ili kulisema hili. Ameliweka katika ratiba ya siku ya mhusika. Hapo ndipo ulipo ubora wa riwaya hii, na ndipo tunapotofautiana na wanaodai kwamba mwandishi hana msimamo kwa sababu wahusika wake hulewa badala ya kuandamana.

Uhalali wa moto huo unaelezwa kwa lugha ya afya na usafi wa mji. Yeyote aliyeishi Nairobi anaitambua lugha hiyo. Mwezi wa Mei 1990, vibanda vya Muoroto vilipobomolewa na wakazi wake kukabiliana na askari wa jiji na polisi, wasomaji wa Meja Mwangi hawakuwa na haja ya kuelezwa kinachotokea. Walikuwa wamekwisha kukisoma miaka 14 nyuma. Leo, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa. Hilo ni badiliko kubwa katika maandishi ya sheria. Riwaya inabaki na kazi ya kutukumbusha kwamba mtu anayechomewa kibanda hachomewi mali tu. Anageuzwa kuwa mzururaji, kisha anaweza kukamatwa kwa kuwa mzururaji.

Jambo la pili linalostahili kuzingatiwa ni mtoto aitwaye Baby. Mamake, Wini, anaondoka na kumwacha kwa Ben, ambaye si babake. Ben mwenyewe anafukuzwa katika nyumba waliyokuwa wakikaa na kuhamia kwa Ocholla. Kwa vipimo vyote vya sheria na vya maadili ya kawaida Ben hafai kuwa mlezi: ni mlevi, hana makao, na kwanza hamtaki mtoto. Lakini ndiye anayebaki naye. Riwaya haimfanyi Ben kuwa mtakatifu. Inamwacha akilalamika na kufoka. Ila pale ambapo taasisi zote zilizokusudiwa kumlinda mtoto hazionekani, usalama wa Baby unatokana na kibarua mmoja anayeshindwa kumtupa. Kama riwaya hizi zina tumaini, limejificha hapa, katika undugu usio wa damu wala wa hati. Wanaozilaumu kwa kukata tamaa wanalitafuta tumaini mahali pasipo pake.

5.0 Hofu ya mwenye chumba

Pingamizi moja ni lazima lijibiwe. Je, usomaji wa namna hii hauhalalishi uhalifu? Mkazi wa mtaa anayeibiwa ana haki ya kulindwa, na maskini ndiye anayeibiwa mara nyingi zaidi. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limo katika The Cockroach Dance.

Dusman Gonzaga ni mfanyakazi wa baraza la jiji anayeshughulikia mita, na ana chumba katika Dacca House, jengo lililochakaa la tajiri aitwaye Tumbo Kubwa. Hivyo basi yeye si mzururaji. Ana ajira na ana mlango wa kufunga. Wezi wa riwaya hii hawawavamii matajiri wa mbali. Wanawaibia wapangaji wa mtaa wao. Meja Mwangi hafichi jambo hili wala halipambi. Usalama kwake si hila iliyobuniwa na tabaka tawala. Ni haja halisi ya mtu anayerudi chumbani na kukuta hakuna kitu.

Lakini riwaya inakwenda mbele zaidi. Dusman anasumbuliwa na hofu ambayo haitokani na mwizi pekee. Inatokana na umbali mdogo uliopo kati yake na wale wasio na mlango. Kodi ya mwezi mmoja ndiyo inayomtenganisha nao. Mende wanaocheza usiku ndani ya chumba chake hawaheshimu mpaka wa ndani na nje, na kwa kuwa mpaka huo ndio tegemeo la heshima yake, akili yake inayumba. Swali ambalo riwaya inaliuliza kuhusu usalama, basi, si kama ulinzi unahitajika, bali ni nani anayemfanya mkazi asiwe salama. Jibu la wapangaji mwishoni ni kumgeukia mwenye nyumba na kugomea kodi. Wametambua kwamba anayewaweka hatarini kila siku, kwa choo kibovu na taka zisizozolewa, hajawahi kushukiwa na askari yeyote.

Hata hivyo, mtazamo huu una upungufu ambao mhakiki hana budi kuutaja. Mitaa ya Meja Mwangi ni mitaa ya wanaume. Wanawake wamo, lakini aghalabu wanaonekana kwa macho ya wanaume wanaowatamani au walioachwa nao. Wini anapoondoka, riwaya haimfuati. Mwanamke anayelala nje, ambaye anaogopa mshambulizi na askari kwa wakati mmoja, karibu hana sauti katika riwaya zote tatu. Mwanamume asiye na makao anashukiwa kuwa mwizi. Mwanamke asiye na makao anashukiwa pia kuwa kahaba, na shaka hiyo imemweka katika hatari ya aina nyingine. Hili ni pengo katika riwaya zenyewe, na kulijaza ni kazi ya waandishi waliofuata.

6.0 Maneno yetu wenyewe

Tugeukie sasa lugha. Katika miji ya kale ya Waswahili, kama vile Lamu na Mombasa, mtaa ni mahali pa kujulikana. Mtu akiulizwa ni wa mtaa gani, anaulizwa ni nani. Nairobi imelipindua neno hili. Mtoto wa mtaani ni yule asiyekuwa wa yeyote. Wakati huo huo, wenye nyumba wanapokutana kujadili usalama hujiita wakazi wa mtaa. Neno moja linamtaja mwenye haki ya kulindwa na linamtaja yule anayelindwa dhidi yake. Sidhani kuna ushahidi mfupi zaidi wa mgogoro tunaouzungumzia.

Chokoraa nalo limetokana na kitendo cha kuchokora, yaani kuchokoachokoa ndani ya kitu ili kupata kilichomo. Mtu amepewa jina la tendo la mkono wake juu ya pipa. Baadhi hudai kwamba wingi wake, machokoraa, unaonyesha dharau kwa sababu unafanana na majambazi na makahaba. Hoja hiyo haina msingi imara, kwani mahakimu na makarani pia wamo katika wingi huo. Dharau haiko katika kiambishi. Iko katika kuufanya mkao wa dakika chache kuwa utambulisho wa maisha. Meja Mwangi anakwepa mtego huu kwa njia nyepesi: wahusika wake wa uchochoroni wana majina, vyeti, mizaha na ubishi. Wanaitwa Meja na Maina kabla hawajaitwa kitu kingine chochote.

Riwaya ya Kiswahili ya Kenya haijalikwepa somo hili. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Ken Walibora anamleta Imani, msichana aliyenyang'anywa makao kwa ukatili wa askari, kisha anamtia yeye na Amani korokoroni kwa kifo cha mtoto mchanga ambacho hawakukisababisha. Mantiki ni ile ile ya Kill Me Quick: wasio na kwao ndio wanaoshukiwa kwanza. Tofauti ni kwamba Walibora anaihamishia mantiki hiyo shambani, katika Sokomoko, na kuipa suluhisho la kimaadili: ukweli unafichuka na wenye hatia wanaumbuka. Utaratibu huu wa adili una mizizi mirefu katika nathari ya Kiswahili na una thamani yake. Lakini unabeba hatari. Unaweza kumfanya msomaji aamini kwamba kosa la askari lilikuwa kuwakamata wasio na hatia, ilhali kosa la msingi ni kuufanya ukosefu wa makao kuwa sababu ya kushuku. Meja Mwangi anawaacha wahusika wake wakiwa na hatia halisi, hata ya damu, na bado anatudai tuulize walifikaje huko. Hilo ni dai gumu zaidi kwa msomaji.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya hizi tatu zinausawiri uhusiano wa askari na mzururaji katika hatua tatu: kosa la kuwa mahali, kosa la kujenga mahali, na hofu ya kupoteza mahali. Katika hatua zote, usalama wa mtaa unapimwa kwa swali la nani anahesabiwa kuwa mwana wa mtaa huo.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu mwanamke asiye na makao katika fasihi ya Kenya, na kuhusu namna Sheng, lugha ya mitaa yenyewe, inavyomtaja askari wa jiji na polisi kwa majina yasiyo ya heshima, kama mzururaji alivyotajwa na Kiswahili sanifu. Kwa sasa itoshe kusema kwamba wanafunzi wetu wanaosoma riwaya hizi darasani hupita kila siku mbele ya watu wanaofanana na Meja na Maina. Mtihani ukiwauliza waeleze uhalifu katika Kill Me Quick, wengi wataanza na tufaha lililoibwa. Mwalimu aliyeisoma riwaya ipasavyo awaelekeze waanze kurasa kadhaa kabla ya hapo, kwenye pipa la taka, ambapo hakuna aliyekuwa ameiba chochote.